Kitenge cha Nta

Mbarara, 9 Machi 2014

Mama mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila nikisinzia tu namwota mwanangu Néhémie niliyekuachia.

Mama Halimah, mwenye duka, ameiacha ile dawa ya kiwandani tuliyokuwa tunapaka makoti ya mvua. Ameambiwa haiozi: nguo ikifuliwa, dawa inateremka mtoni na kubaki huko, hata ndani ya samaki. Kwa hiyo najaribu nta ya nyuki. Ya kwanza ilipasuka. Ya pili ilinata juani. Juzi niliichanganya na mafuta ya alizeti, nikapiga pasi taratibu, na matone ya maji yakaviringika juu ya kitambaa kama yanacheza. Nikayatazama mpaka chai ikapoa.

Nakutumia kitenge nilichokipaka cha kumbebea mtoto. Anatafuna kila kitu, basi hiki atafune tu. Kikizuia mvua, nitapewa kazi ya kudumu na chumba cha nyuma, nije kumchukua.

Binti yako,
Nathalie

Juru, Nakivale, 2 Aprili 2014

Mwanangu,

Huku tunashukuru Mungu, mgongo unavumilika na maharage yameota.

Kitenge kilifika. Nilikichemsha kwa sabuni kwanza, maana kwetu nguo mpya haigusi mtoto kabla ya kuchemshwa. Tukitoka shambani mvua ikatulowesha chapachapa, nami nikakusema vibaya. Kumbe jirani yangu Madeleine alikuwa ameona nta ikielea kwenye sufuria. Akacheka: "Umepika kazi ya mtoto yako!"

Nisamehe, mama. Naogopa nimekuharibia.

Harufu ya asali haijatoka yote. Néhémie analala amekikumbatia. Nilimwambia ni cha mama yake, na sasa chenyewe anakiita Mama. Sikuweza kumkataza.

Mama yako,
Annonciata

Mbarara, 20 Aprili 2014

Mama,

Natumaini mvua haijawachosha. Barua yako imeniliza. Nilimsomea Mama Halimah nikijua kazi imekwisha. Akaniuliza, "Na nguo gani ya mtoto haichemshwi?" Sasa kila kitenge cha mtoto tunakiuza na kipande cha nta, mama akipake upya na kupiga pasi kila akishachemsha. Wateja wamekipenda, na chumba nimepewa.

Nakuja Jumamosi. Nikifika, kiweke kitenge mbali kidogo. Akilia akikitafuta, usimpe haraka. Acha anizoee mimi kwanza.

Mama Néhémie