Sauti Uliyomtumia Mama

Mpendwa mdogo wangu Masanja,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Yako siwezi kuiuliza, basi nitaanza na yangu: nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Ni ule wa mtu aliyebeba ndoo kichwani safari ndefu, hata akiitua shingo bado inahisi uzito. Nakuandikia nikiwa kibandani kwetu hapa Kirumba, mlango nimeurudishia ili wateja wadhani nimetoka. Upepo unavuma kutoka Mwaloni na harufu ya dagaa imejaa humu ndani kama zamani. Mama alinipa tena kazi ile ile, na nimeimaliza sasa hivi.

Unakumbuka ulivyorudi na ile kamera? Kiwandani walikuwa wamewapunguza, wewe na wenzako wengi, kila mmoja na kiinua mgongo chake. Wenzako walinunua baiskeli, wengine mabati, kuna aliyeongeza mke. Wewe ulisafiri, ukarudi na kamera ya video, deki mbili, na televisheni uliyoiviringishia godoro. Nilikuuliza kama tutakula nyaya. Ulicheka, ukasema siku hizi vitu ni ruksa, na kila mwenye harusi atataka kujiona. Mimi nilikuwa mjane na genge langu la nyanya lilikuwa limenishinda, ukaniambia nije nikae nawe nipokee wateja. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi, kwa kukutazama kutoka nyuma ya bega lako.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha. Watu walidhani kurekodi ndiyo kazi, lakini kurekodi ilikuwa siku moja ya kula pilau la watu. Baada ya hapo ilibidi ule mkanda mdogo wa kamera uhamishwe kwenye mkanda mkubwa unaoingia kwenye deki za watu. Na wengi hawakuwa na deki, wala umeme. Hao uliwahamishia sauti peke yake kwenye kaseti ya redio, wakaisikilize kwa betri huko kwao. Namkumbuka yule mama wa Ukerewe aliyetuletea redio yake imefungwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Alitaka harusi ya binti yake aende nayo shambani. Nilikwambia sauti ni mbaya, vyombo vinagongana, wanawake wanapiga vigelegele juu ya mahubiri. Ukaniambia niache vilevile. Aliporudi alikushika mikono yote miwili. Katika vile vigelegele alikuwa amemsikia dada yake, ambaye baada ya harusi ile alikuwa amefariki.

Nilipolalamika kwamba tunakaa mno, ulinijibu neno ambalo bado nalisikia ninapobonyeza kitufe. "Dada, hii kazi haina njia ya mkato. Mkanda wa saa nzima unahamishwa kwa saa nzima. Lazima ukae na watu mpaka wamalize kusema."

Halafu kikaja kifua. Tulisema ni vumbi, tukasema ni baridi ya asubuhi ya ziwani. Mashati yakaanza kukupwaya. Ulikwenda hospitali peke yako, na uliporudi ulinikuta nyuma ya kibanda nachemsha chai. Ulikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukanitazama nikimimina, ukasema, "Ni Ukimwi, dada." Nikaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika. Miaka ile hapakuwa na dawa ya kumfikia mtu kama wewe. Palikuwa na majirani tu, na minong'ono yao.

Mama hakujua. Yeye alikuwa nyumbani, ng'ambo ya Busisi, na kila aliyekuja mjini kutoka upande ule alimpa salamu zako: mbona Masanja hafiki, mbona hata sikukuu amenipita. Ulisema utakwenda ukipata nyama kidogo mwilini. Nikakupikia uji wa ulezi, nikakupikia sato, nikakupikia maini. Nyama haikuja. Siku moja, nikikusuuzia miguu kwenye beseni, ukaniambia niiweke kamera sawa, unataka kuzungumza na mama.

Nilikuvalisha shati jeupe na kulibana kwa pini mgongoni ili mbele lisionekane kama limetundikwa. Ulikaa kwenye kigoda, nyuma yako nikaning'iniza kitenge. Nikasimama nyuma ya kamera. Ulizungumza Kisukuma, taratibu, kama mtu anayetembea kwenye matope. Ulimwambia kazi zimekubana. Uliwaulizia ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Ulimwambia paa la nyumba kubwa liezekwe kabla ya masika, na ule mpaka wa shamba upande wa mto aupandishie minyaa. Kila kikohozi kilipokuja uliinua mkono kwanza, na mimi nikasimamisha kamera mpaka kipite. Ulipomaliza ukanipa agizo.

"Mpelekee sauti. Sura asiione."

Sikubishana nawe. Hata ningetaka kumpelekea sura, angeitazamia wapi, kule ambako taa ni koroboi? Alikuwa na ile redio kaseti uliyomnunulia ulipokuwa kiwandani.

Kuihamisha ile sauti kulinimaliza. Ulikuwa wakati wa mgawo wa umeme, na mtaa wetu ulipata asubuhi tu, tena siyo kila asubuhi. Nilichomeka nyaya za sauti kutoka kwenye deki kwenda kwenye redio, televisheni nikaiacha imezimwa kwa sababu sikutaka kukuona mara mbili, maana wewe mwenyewe ulikuwa umelala pale nyuma ya pazia. Ukifika kwenye ng'ombe, umeme unakatika. Kesho yake naanza upya. Ukifika kwenye paa, unakatika. Ukaanza kunitania kutoka kitandani kwamba mama atapata mtoto wa vipandevipande. Hatimaye ikaisha nzima. Niliisikiliza mwanzo hadi mwisho, ikatoka sauti ya mtu mzima kabisa, mwenye kazi zake, asiye na kikohozi.

Nikapanda basi. Usagara mvua ilitukuta, kivukoni Kigongo tukalikuta pantoni limeshaondoka na foleni ya malori ndefu. Nilisimama na redio yangu ya akiba nimeipakata, betri mpya mfukoni, nikitunga maneno nitakayomwambia mama akiniuliza.

Hakuniuliza. Alinipokea mzigo, akanipa maji ya kunywa, akaketi juu ya ngozi ya ng'ombe na kunyoosha miguu. Niliiweka kaseti. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mkono juu ya redio kama anayepima homa. Ulipowataja ng'ombe alitabasamu. Ulipofika kwenye paa tabasamu likaondoka. Ulipofika kwenye mpaka wa shamba alinyoosha kidole, akaizima mwenyewe.

Alisema, "Sauti hii imekonda."

Nikamwambia ni betri. Nikamwambia ni nyaya, sauti ikihamishwa hupungua. Aliniacha niseme yote. Kisha akaniambia kwamba mtoto anayetegemea kuja nyumbani haachi maagizo ya paa, atakuja kuliezeka. Akainuka. Alikuwa na magoti yale unayoyajua, ambayo kwa kwenda kisimani tu humchukua asubuhi nzima, lakini nilipogeuka alikuwa ameshafunga michembe ya viazi kwenye kitambaa na kumwita jirani amwangalizie mifugo. Kwenye pantoni hakukaa. Alisimama akiwa ameshika chuma, uso umeelekea Kigongo.

Tulipoingia ulimwona, ukageukia ukuta. Nilidhani atalia, nikajiandaa kumshika. Alivua kandambili zake, akapanda kitandani na yale magoti, akakaa nyuma yako akakuegemeza kifuani kwake kama anayetaka kukusuka nywele. Kumbe ulikuwa umelivaa tena lile shati jeupe, na pini za mgongoni zilikuwa bado zimo. Alizichomoa taratibu, moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye mkunjo wa kanga yake.

"Ulinificha nini, mwanangu?" akasema. "Nilikuzaa ukiwa mdogo kuliko hivi."

Hapo ndipo ulipolia, Masanja, na mimi nikatoka nje nikasimama barabarani, watu wakinipita na madumu yao.

Alikuchukua ukaenda nyumbani. Ulivuka ziwa umelala nyuma ya pikapu, kichwa kwenye mapaja yake. Paa liliezekwa ukiwa umekaa chini ya mwavuli ukielekeza, na naambiwa uliwagombeza mafundi vizuri. Uliona mahindi yakitoa mbelewele. Ukaondoka mchana mmoja, mama ametoka kidogo kukuchotea maji ya kunawa uso.

Nilirudi Kirumba kwa sababu wateja walikuwa wameacha mikanda yao. Nikahamisha ya huyu, nikahamisha ya yule. Sasa kila mtaa una televisheni yake, na watoto wananiletea mikanda ya mapigano niwanakilie. Mgongo unauma. Macho yanatoa machozi nikitazama kioo kwa muda. Ningekuwa nimeshafunga, lakini kuna mama.

Ile kaseti anaisikiliza kila jioni. Kaseti nazo zina umri wao, utepe unavutika, sauti inaanza kuyumba, halafu siku moja redio inautafuna. Hapo hunitumia ujumbe kwa yeyote anayevuka: mwambieni aniletee Masanja mwingine. Nami nautoa mkanda wako kwenye sanduku, nachomeka nyaya, naketi hapa. Mara zote hizo televisheni niliiacha imezimwa. Nilikaa na sauti yako nikitazama ukuta, nikingoja umalize kusema, kisha nikaenda kulala na nguo za mchana. Nilikuwa nimekasirika kidogo, nadhani. Mama alikuwa amepewa sauti, na baadaye akapewa wewe mwenyewe, mpaka mwisho. Mimi niliachiwa mkanda na agizo la kuficha.

Wiki iliyopita niliketi naye tena kule nyumbani. Nilimwambia, kwa mara ya kwanza, kwamba sauti ile ina picha yake, na kwamba parokiani wana jenereta na televisheni, akitaka nitampeleka. Alifikiri huku akipepeta mchele. Akasema yeye uso wako anao, alikuwa nao mikononi. "Itazame wewe," akasema. "Wewe ulikuwa na kamera, hukumwona."

Maneno hayo nilivuka nayo Kigongo yakiniwasha kama upupu.

Kwa hiyo leo, umeme ulipokuja, niliiwasha televisheni. Nilijiandaa kwa mifupa. Nilijiandaa kwa lile shati. Vyote vilikuwepo, siwezi kukudanganya, na kwa dakika za mwanzo nilishika meza. Lakini ulipoanza kuwaulizia ng'ombe nikaona jambo ambalo katika miaka yote hii ya kukusikiliza sikuweza kulisikia. Hukuwa unatazama kamera. Ulikuwa unatazama pembeni kidogo na juu kidogo, pale nilipokuwa nimesimama. Ng'ombe, paa, mpaka wa shamba, yote uliyasema ukinitazama mimi. Mara nyingine uliinua nyusi kidogo, kama ulivyokuwa ukifanya ukitaka kujua kama nimechoka, kama tupumzike. Nami siku ile jicho langu lilikuwa limebanwa kwenye kile kitundu cha kamera, nahangaika usitoke nje ya fremu.

Maneno yalikuwa ya mama. Macho yalikuwa yangu.

Nimekaa nawe mpaka ukamaliza kusema. Kaseti ya mama iko tayari, kesho nitaivusha. Nimechoka bado, usidhani nimepona. Ila jioni hii nitafunga kibanda mapema, na nikiulizwa nitasema nimepumzika kwa sababu mdogo wangu aliniuliza kama nimechoka.

Lala salama ng'ambo yako, Masanja. Mimi ningali huku ng'ambo ya kwangu.

Dada yako, aliyekuwa nyuma ya kamera