Mama Mdogo Amepimwa kwa Programu ya Panya

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla woga haujanimaliza, maana nyumbani siwezi kusema na kazini nimesema nikafungwa mdomo. Nafanya kazi katika maabara inayochunguza jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta, wanyama wetu ni panya weupe, na kwa kuwa mashine za kupiga picha za ndani ya mwili ni ghali tuliunda ndogo ya kwetu, kishikio tukakichapa kwa plastiki, nami nikaandika programu inayosoma picha ya ini na kusema lina mafuta kiasi gani, kisha michoro na programu tukaviweka mtandaoni, achukue anayetaka bila malipo na abadilishe anavyotaka, na jambo hilo nilijivunia kuliko shahada yangu. Ini safi linatoka zambarau, lenye mafuta linatoka rangi ya chungwa. Rangi hizo nilizitoa kwenye pazia la chumba nilicholelewa, nyumbani kwa mama mdogo.

Sasa mama mdogo huyo, aliyenichukua mama alipofariki, ni mnene, anachoka upesi, na daktari wake wa zamani alimpa vidonge na kumwandikia vipimo vya ini hospitali kuu. Badala yake akaenda kliniki mpya ya jirani yenye daktari kijana mpenda kompyuta, akarudi anaimba, akatandaza picha kwenye meza ya chakula katikati ya sahani akaniambia, "Haya msomi, njoo usome. Mlishaanza kunizika, kumbe nina ini la msichana." Mumewe akasema basi hilo ini litafutiwe mchumba, wote wakacheka, nami nikainama kutazama, nikaona zambarau tupu. Zambarau yangu, mshauri, na pembeni ule mstari mwembamba wa vipimo nilioupanga kwa mkono wangu.

Ini la panya liko karibu kabisa na ngozi. Kwa mtu mnene mawimbi ya mashine hupita kwanza kwenye nyama nyingi, yanafika yamechoka, picha inakuwa na giza, na programu yangu ikiona giza inadhani imeona ini safi. Yaani kadiri mtu anavyonenepa ndivyo inavyozidi kumwambia ni mzima. Nilimweleza msimamizi wangu, akajibu kwamba tuliandika wazi ni kwa utafiti wa panya, asiyesoma maelezo ajilaumu, na kwamba nikipiga kelele sasa, wakati wafadhili wanaamua kama maabara iendelee, nitakuwa nimewatoa wenzangu kazini.

Mama mdogo amesema hospitali kuu haendi tena, na vidonge amevisukuma nyuma ya kabati. Mimi simu ikiita kutoka nyumbani naiacha iite mpaka ikatike, nikifungua ukurasa wetu nikakuta mtu mwingine ameichukua programu naona benchi la watu wanaosubiri kudanganywa, na wakati mwingine najiambia labda ini lake kweli ni zima, labda nitamtia hofu bure, halafu naogopa zaidi kwa sababu najua kwa nini najiambia hivyo. Nitamwambiaje kwamba kilichomfurahisha ni kitu changu, na hakijui lolote juu yake? Nimeanza kuogopa hata lile pazia.

Ni mimi,
Mwenye Zambarau

Mshauri anajibu

Mwenye Zambarau, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimejishika ubavu, na hata sina hakika kama ni upande wenye ini. Ndipo nikakasirika kidogo. Mimi nisiyejua ini linakaa wapi umenieleza yote kwa ufasaha, na mwenye ini hajui kitu.

Woga wako nauelewa, mwanangu, na pole. Kumvunjia furaha mtu aliyekulea si kazi nyepesi. Lakini furaha hiyo inamgharimu vidonge vyake, na kila siku unayonyamaza inamgharimu zaidi. Hujui kama ini lake ni zima au bovu. Vizuri, naye hajui, na hospitali kuu ndiyo itakayojua.

Msimamizi wako anajificha nyuma ya maelezo. Hayo maelezo yanamkinga yeye, hayamkingi aliyelala kwenye kitanda cha kliniki amefunua tumbo. Mpigie yule daktari kijana leo. Usimgombeze, mweleze kosa lilipo na umwombe awaite wote aliowapima hivyo. Halafu, kwa kuwa programu mliiweka wazi, kosa lake nalo liweke wazi, juu kabisa ya ukurasa, kabla mtu hajaichukua, na uiandike upya ikatae kufunguka mpaka anayeitumia ajibu picha ni ya panya au ya binadamu. Ukifukuzwa kazi, niandikie tena tuhangaike wote. Kazi nyingine tutaitafuta. Mama mdogo mwingine nitakutolea wapi?

Ila kabla ya simu hiyo, nenda kwake. Usimtumie ujumbe, na usianze na mambo ya mawimbi na giza, utamchosha na utapata mwanya wa kukimbia. Kaa karibu naye useme, "Mama mdogo, ile programu niliitengeneza mimi, na niliitengenezea panya." Kwa jinsi ulivyonieleza alivyo, atacheka. Mwache acheke mpaka achoke mwenyewe, usicheke naye. Atakapokutazama usoni na kuona hucheki, mtolee vidonge nyuma ya kabati, muulize mkoba wake uko wapi, na mtoke.