Ukikaa, Umenunua

Jumatatu, 3 Novemba

Kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji hakuna kijana aliyesoma vitabu kunishinda mimi. Na sijanunua hata kimoja. Shule walinitoa kidato cha pili kwa wivu. Sawa, na karo. Lakini wivu ulitangulia.

Leo nimepakia dagaa asubuhi, nikaenda dukani kwa Mzee Nestori kama kawaida. Hapa hapa Gungu, chumba kimoja, mlango wa bati. Biblia, misahafu, madaftari, na rafu moja ya riwaya zilizochakaa kwa kupita mikononi mwa watu. Sheria ya mzee ni moja tu: kusoma bure, mradi umesimama. Ukikaa, umenunua. Watu wengi miguu inawashinda sura ya pili. Mimi nimesimama vitabu vizima.

Sasa niko kwenye jambazi aliyeiba treni. Treni nzima! Angeiba ya kwetu huku mwisho wa reli angeishia ziwani.

Mzee akanipigia kelele: "Profesa, unanuka dagaa! Biblia usiguse."

"Mzee, hata mitume walinuka samaki."

Alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Jumatano, 5 Novemba

Hatari. Kuna mwalimu wa kike, kahamishiwa hapa kutoka Moshi, kakishika kitabu changu. Anataka kukinunua. Mimi bado nusu nzima!

Nikamwambia: "Pole, Mwalimu. Hicho mchwa wamekula mwisho wote."

"Mbona naona kurasa ziko zote?"

"Hao mchwa wa huku, Mwalimu, wanakula maneno tu."

Akanitazama kama daftari chafu. Akasema atarudi mwisho wa mwezi, akaondoka na chaki zake. Mzee alikuwa amejificha nyuma ya misahafu, mabega yanamtikisika. Baadaye akanisemesha kwa Kiha, eti mwongo mzuri hasomi, anaandika. Kiha chake kitamu. Bibi yangu ni wa Kasulu na husema yule mzee ni wa kwao kabisa, hata kukohoa kwake ni kwa Kasulu.

Nimekificha kitabu nyuma ya nyimbo za kanisa. Unyoya wa kuku ndani, nisipoteze ukurasa.

Ijumaa, 7 Novemba

Gari la spika limepita mara mbili. Waliotoka ng'ambo ya mpaka wote waende kambini. Mgambo watapita nyumba kwa nyumba. Atakayemficha mtu atakwenda naye.

Nimemkuta mzee anapanga rafu ambayo tayari imepangwa. Sijasoma hata mstari. Akarudishia mlango, akaniambia nikae. Kwenye kigoda! Nikamwambia sina hela ya kununua. Hakucheka.

Si wa Kasulu. Katoka Burundi, zamani, kijana kama mimi, kavuka na mke na begi la vitabu. Kiha na Kirundi ni ndugu, akaona ulimi unatosha. Akasema Kasulu, watu wakaamini. Mke alifia hapa, amezikwa nyuma ya kanisa. Kila Jumapili mzee huenda kung'oa majani pale. Mimi nilidhani ana bustani.

"Sitaki kwenda kambini, mwana wanje," akasema. "Yule nitamwacha na nani?"

Hajawahi kuniita mwanawe. Huniita Profesa, kwa kejeli.

Ombi lake: nifunge mdomo. Na wakija kuuliza lolote, niseme duka ni langu, yeye ni mzee wa Kasulu ananisaidia kuuza. Nikamwambia asihofu, kamchagua mtu anayestahili. Mdomo wangu ni kufuli la Mjerumani.

Nimetoka pale kifua mbele. Duka langu!

Jumapili, 9 Novemba

Kijiweni, barazani kwa fundi cherehani. Drafti ya vizibo vya soda. Nimemfunga Hamadi mara tatu, mara ya nne kaiba kizibo.

Wakaanza kunichokoza. Profesa wa kusimama. Msomi wa miguu. Hamadi akasema nikifa nizikwe wima. Wakacheka mpaka fundi akajidunga sindano.

Nikawaambia wacheke tu, duka la vitabu karibu linakuwa langu. Raha iliyoje! Hamadi mdomo wazi. Nikaongeza mawili matatu, sikumbuki yote.

Chakula nimewamwagia kuku. Bibi kauliza kama naumwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepita dukani mara nyingi leo. Naingia, natoka. Jambazi nimemwacha juu ya treni, sina hamu naye. Mzee kanipa andazi, akasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kila buti likipita nje nachungulia mlangoni. Sijui nini kinanisumbua. Mvua labda.

Jumanne, 11 Novemba

Wamemchukua.

Lori lilisimama mbele ya duka saa za asubuhi, watu wameshajaa juu, na magodoro, na mbuzi. Mgambo wawili wakaingia. Nikajitokeza kama tulivyopanga. Nikasema kwa sauti nene duka hili ni langu.

"Duka hatulitaki, kijana. Tunamtaka mzee."

Hilo hatukulipanga.

Nikasema ni wa Kasulu. Mgambo akamgeukia, akamuuliza Kasulu kijiji gani, nani mwenyekiti wenu. Mzee alikuwa na jibu, najua, kaishi nalo miaka yote. Akavua miwani, akaifuta na shati.

"Ng'ambo," akasema. "Nimechoka kuwa wa Kasulu."

Walimruhusu begi moja. Akatia nguo, hakutia kitabu. Akanipa ufunguo, akaniambia nipalilie pale kwa mama yangu. Alisema hivyo, mama yako.

Nilimshika mkono apande. Mwepesi kama mtoto. Akainama kutoka juu ya lori.

"Rajabu, nani kanisema?"

Rajabu. Sikujua kama analijua jina langu.

"Sijui, Mzee. Watu wabaya."

"Ego," akasema. Ndiyo. Lori likaondoka.

Jumatano, 12 Novemba

Aliyemsema ni balozi wa nyumba kumi. Ana uso wa kusema watu. Au mama wa vitumbua, anayetaka kile chumba. Nimempita bila kumsalimia. Kaniita, kanipa vitumbua viwili bure, kasema pole na mzee wenu. Nimevitupa. Kisha nimerudi kuviokota.

Hamadi kanifuata: "Hongera, tajiri." Nimemsukuma, kaanguka mferejini. Hakunirudishia. Alinitazama tu.

Jumapili, 16 Novemba

Nimepalilia. Majani yalikuwa machache, yule mzee hakuacha kazi. Nimekaa kidogo pale.

Mchana nimefungua duka. Mwalimu wa Moshi alikuwa anapita kutoka kanisani, akauliza mzee yuko wapi. Nikamwambia.

Nikatoa kitabu nyuma ya nyimbo, nikampa. Nikamwambia kina mwisho, nilimdanganya.

"Wewe umeshakimaliza?"

Nikasema ndiyo. Sijakimaliza. Unyoya umeondoka nacho.

Kigoda kipo. Hakuna wa kuniambia ukikaa umenunua. Nimesimama mpaka jua limepungua mlangoni, naandika nikiwa nimeegemea rafu.

Si balozi. Si mama wa vitumbua. Jumapili ile, waliponicheka, nilisema yule Mrundi ananiachia duka. Mrundi, nilisema hivyo. Mgambo mmoja alikuwa amekaa pembeni anangoja zamu yake ya drafti. Nilimwona alivyoinua kichwa.

Nikaendelea kusema.