Nzi wa Achieng

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi maabarani kama kawaida. Fungua mtungi wa gesi, nzi walale, tenga madume huku na majike kule kwa brashi. Lazima wawe wametoka tu kwenye vifuko vyao, wanamogeuka kutoka buu kuwa nzi, kabla hawajajuana. Kisha chai.

Madume wa wiki jana wamekaa tu. Dume mzima hutandaza bawa moja na kulitetemesha mbele ya jike. Hawa wananitazama mimi. Hakuna hata yai.

Achieng ameilea mbegu hii ya nzi tangu tukiwa wanafunzi. Akaenda kwao Kisumu kujifungua, akaniachia. Nimechoka kumwambia kwenye simu kwamba wako salama.

Jumanne, 4 Machi
Dkt. Mutua, mkuu wa maabara, amechungulia chupa.

"Hawa wameisha. Jumatatu weka kwa friza, tunataka hiyo shelfu."

Utadhani ni sukuma wiki iliyooza. Waliobaki ni wachache walio bado kwenye vifuko.

Jumatano, 5 Machi
Saa nne Mama Wangui, karani wetu, kagonga mlango. Yeye ndiye anayeomba kabla ya chai, na kikombe hakiguswi mpaka amina. Leo kamwombea kijana wake aliye na intavyuu, kaombea maji ya Upper Hill, wagonjwa wote wa hospitali ya jirani, serikali. Chai ikapoa.

Nimerudi, gesi bado inavuma. Nzi wamelala chali vile vile nilivyowaacha. Na si leo tu! Ndivyo ninavyofanya kila asubuhi.

Wengine hawakuamka. Walioamka walitembea kilevi, wakaanguka, wakainuka. Mmoja alikuwa akijipangusa uso kwa miguu ya mbele na kuukosa. Nimemtazama mpaka nikaona aibu.

Hawaugui. Mimi ndiye niliyewalewesha, wakiwa bado laini, hata mabawa hayajakauka. Wala kosa si la Mama Wangui. Mtungi una kifungio na mimi nina mikono.

Alhamisi, 6 Machi
River Road, kutafuta mpira mwembamba wa plastiki. Muuza hadweya kaniuliza ni wa nini.

"Wa kunyonya nzi."

"Wee! Madam, uko sawa kweli?"

Nimecheka njia nzima hadi nyumbani Kilimani. Sijacheka hivyo tangu Achieng aondoke.

Ijumaa, 7 Machi
Wa mwisho wametoka. Bila gesi. Mpira mdomoni, kipande cha chandarua ndani nisije nikawameza, namvuta mmoja mmoja. Wawili wametoroka, wanazunguka taa. Nawaonea wivu.

Sikwenda kwenye chai. Mama Wangui hakuniaga jioni.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefika mapema, nimewaweka madume na majike pamoja. Kimya. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Achieng.

Halafu mmoja akamzunguka jike, akatandaza bawa. Likatetemeka. Wa pili naye. Nimempigia kelele Dkt. Mutua kama mtu aliyeona nyoka. Amekuja, ameinama kwenye lenzi, amekaa hapo sana.

"Sawa. Wakae."

Nimeenda kulia chooni. Ndiyo, kwa sababu ya nzi. Nimemwandikia Achieng kwamba wanawe wanacheza. Amejibu kwa picha ya kanyayo kadogo, kamekunjamana.

Jumanne, 11 Machi
Mayai.

Nimefunga mtungi kabla ya chai, nikahakikisha tena. Mama Wangui ameomba kwa urefu wake ule ule, na mwishoni akaongeza, "na hao nzi wa Achieng, Bwana." Hakuna aliyecheka. Kanimiminia chai mwenyewe.

Wale wa Jumatano wamebaki watatu, pamoja na yule aliyekuwa akijipangusa uso na kuukosa. Hawatandazi bawa, wala sidhani watatandaza. Hapa kwetu asiyefaa huenda friza. Nimewabadilishia chakula, nikawaweka mbali na gesi.