Tangazo la Kumtafuta Baba

Kilole, Korogwe

Kaka Sabiri,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimetulia. Sisi huku hatujambo, mvua zimeanza, na mwanangu Rukaya ameota meno mawili. Barua nimempa Matayo kwa kuwa anarudi huko machimboni, na pia kwa sababu kila nikikupigia simu na kumtaja baba, unakata.

Tafadhali usiikunje bado. Mwezi uliopita baba alipotea. Tangu mwaka jana amekuwa msahaulifu, siku nyingine ananiita kwa jina la shangazi. Nilikuwa uani nafua. Niliporudi ndani kiti kilikuwa kitupu, kandambili zake ziko mlangoni.

Unajua kazi yangu ni kutangaza biashara za watu mitandaoni. Basi niliandika tangazo refu, jina, umri, shati la bluu, kofia, nikalibandika lile lile kila mahali. Kesho yake tulikuwa tumepata pole nyingi na hakuna aliyemwona. Hafsa, ninayefanya naye kazi, akaniuliza, "Husna, tangazo la mteja wa makochi ungelirusha hivi hivi?" Alisema kweli.

Tukaanza upya. Kwenye WhatsApp tuliweka uso wake na namba ya simu, basi, kwa kuwa watu huko wanapitisha kidole tu. Kwa TikTok nilisimama mwenyewe nikatembea kama yeye, nikiburuta mguu wa kushoto. Nilianza kwa kuigiza nikaishia kulia, na Hafsa akakataa kukikata kile kilio. Mtangazaji wa redio, Bonaventura, alisema msikilizaji haoni shati, akataka kujua baba anaongeaje. Nikamwambia humsalimu kila mtu "habari za shamba", hata dereva wa bodaboda. Msikitini walituomba sentensi moja.

Kisha Naserian, niliyesoma naye, akalisema tangazo letu kwa Kimaa, lugha ya Wamasai. Kwanza aliniuliza kama baba alivaa viatu. Niliposema hapana, akaeleza nyayo zake: mmoja umekanyaga vizuri, mwingine unakwaruza mchanga. Akaituma sauti hiyo kwenye makundi ya wafugaji wa Handeni.

Hiyo ndiyo iliyompata. Mfugaji anayeitwa Parit aliisikia akinywesha ng'ombe lamboni, akatazama chini, akaziona. Alizifuata hadi alipomkuta baba ameketi kando ya njia, midomo imepasuka kwa kiu. Inaelekea alipanda basi hadi Handeni, mbele ya hapo akatembea. Alimwambia Parit anakwenda nyumbani kwa mkewe. Parit akampa maziwa, akampeleka alikoelekeza.

Kaka, alielekeza Mazingara. Kwa mama.

Katika matangazo yote yale hakuna aliyefikiria kumpigia mama. Tangu baba amwache tumezoea kuwataja mbalimbali, kama watu wasiojuana. Nilipofika kumchukua, mama alikuwa amekwisha kumwosha miguu. Akaniambia, "Mwache hapa. Njia ameitafuta mwenyewe." Sasa baba analala kwa mjomba Mbaruku, mlango wa pili, na mama humpelekea uji. Nilimuuliza kama amemsamehe. Akasema hajui, akaendelea kuchambua mchele.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni hili. Baba hakumbuki talaka. Hakumbuki kwamba ulimwapia hutakanyaga tena mlango wake, wala maneno aliyokujibu. Kila adhuhuri anatoka uani na kuuliza kama Sabiri ameshatoka shule, na hataki kugusa chakula mpaka aambiwe. Mama humwambia uko njiani. Hapo ndipo anapokula.

Sikulazimishi, kaka. Nimeona tu usije ukasema hukuambiwa.

Mama anakusalimu sana, mjomba pia. Wasalimie wenzako wa huko, na kifua hicho usikipuuze.

Mdogo wako akupendaye,
Husna Mhina