Karata za Mama Juliana

Kolandoto, 4 Machi 2024

Mwanangu Juliana,

Habari za Geita? Kifua kimepona, na vumbi hilo la machimbo? Mimi mzima, ila magoti. Nakuandikia maana herufi za simu siku hizi sizioni, na wanaonisomea meseji ni watu wa kwa jirani yetu Maduhu.

Mtoto wa Maduhu amefariki kwa homa ya siku mbili. Nilikwenda msibani, wanawake wakasogea mkekani wasiguse khanga yangu. Wanasema karata ninazocheza na shoga yangu Mwasiti kila alasiri ni ramli, na kila ninayoilaza chini ni jina la mtu atakayekufa. Juzi nimekuta kikaratasi mlangoni: "Ondoka kabla mvua hazijaisha."

Mama yako, Mbuke

Geita, 8 Machi

Mayu,

Shikamoo. Miguu yako inaendeleaje? Mimi tangu nisome barua yako chakula hakipiti. Jana nimemwaga sufuria nzima ya maharage ya wachimbaji hapa mgahawani. Bibi Holo wa hapo kijijini naye walimwanza kwa kikaratasi, kisha wakamuua, tukamzika. Chonde, zichome hizo karata uje. Chumba ni kimoja, tutabanana.

Binti yako, Juliana

Kolandoto, 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Jitahidi ule.

Karata sizichomi. Nikizichoma watasema nimeficha ushahidi. Na tangu baba yako atutoke, ndizo zinazonisahaulisha saa. Ni vikaratasi tu, lakini nikivishika nacheka kama msichana. Mwasiti kaniuliza, "Ukiacha, mimi nicheze na nani?"

Jumamosi sungusungu wa kijiji wameniita mkutanoni. Naogopa, mwanangu. Hata kisimani naogopa kwenda.

Mama yako

Geita, 19 Machi

Mayu,

Shikamoo. U mzima? Jumamosi imepita, leo Jumanne. Simu yako haipatikani, ya Mwasiti inaita tu. Kila anayeingia mgahawani nadhani ameleta habari.

Yeyote atakayeipokea barua hii, tafadhali anijibu.

Juliana, binti wa Mbuke

Kolandoto, 22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Niko hai. Simu zetu sungusungu walizichukua kuzikagua.

Mkutanoni Maduhu alitaka nizilaze karata mbele ya watu, waione hiyo ramli. Vidole vilikataa. Mwasiti akaja akaketi mbele yangu, akasema, "Gawa." Nikagawa. Tukacheza. Baadaye mzee mmoja akauliza turufu ni ipi. "Shupaza," akajibu Mwasiti. Mwingine akabisha nilivyocheza, wakasogea, wakatuzunguka. Nilipotaka kutoa turufu yangu ya mwisho, sauti ikasema taratibu nyuma yangu, "Hiyo ishikilie kwanza, mama."

Alikuwa Maduhu. Halafu akamkumbuka mwanawe, akajifunika uso, akalia.

Mwenyekiti alifunga mkutano bila kusema nina hatia wala sina. Wapo ambao bado hawanisalimu. Jumatano ijayo napanda basi, Mwasiti atanisindikiza.

Jana Maduhu alikuja kuuliza kama ni kweli naondoka. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nenda salama." Mpaka sasa sijajua kama alikuwa ananiaga au ananifukuza. Nipokee stendi.

Mama yako