Jino la Safia Nililolirusha Juu ya Bati

Burat, Isiolo
Jumatano, baada ya adhuhuri

Kwa Mama Wario, mke wangu, huko Biliqo,

Salaam aleikum. Nagaa, amani ya boma, ikoje? Goti lako limekubali kukunjwa, au bado unaswali umekaa kwenye kiti kama chifu? Yule ngamia mkali amepata mtu mwingine wa kupiga teke, kwa vile mimi niko mbali? Mimi ni mzima, na shamba la vitunguu ninalolinda ni zima pia.

Habari kubwa ni kwamba mumeo sasa ni daktari wa meno. Naletewa jino, nalirudisha kinywani mwa mtoto, linasimama.

Uongo, unajua. Nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya meno na kikombe cha maziwa. Mtoto mwenyewe ni Safia, mjukuu wetu mliyeniletea likizo hii. Usipige kelele. Anakunywa uji na anaongea kukuzidi. Lakini soma peke yako, Rehema mama yake asisikie kwanza. Ndiyo maana sikupiga simu. Huko mnaongea kwa spika, kijiji kizima kinajibu.

Jumamosi watoto walikuwa wakichota maji kwa pampu ya mkono. Safia akainama kunywa, mwenzake akauachilia mpini, ukaruka na kumpiga mdomoni. Nilikuta damu mpaka kwenye gauni, na jino moja la mbele liko mchangani, zima na mzizi wake. Nikamwosha. Halafu nikafanya vile tunavyofanya siku zote jino la mtoto likitoka: nikalirusha juu ya bati, nikaomba jipya lenye nguvu. Safia akacheka na mdomo wake uliovimba, nami nikajiona babu hodari.

Mdomo ulikataa kuacha kutoka damu, tukaenda hospitali. Siku hizi za kaunti meno yana chumba chake. Daktari ni binti wa Kimeru, viatu vyangu vinamzidi umri. Alianza na maswali ambayo si ya meno: mtoto alizimia? Ametapika? Kisha akavaa glavu, akapapasa jino moja moja, kama wewe ukikagua mbuzi wakirudi jioni.

"Hili limevunjika ncha tu, mshipa haujaguswa. Hili limelegea, lakini halijahama mahali pake. Na hapa kwenye pengo? Jino limezama ndani ya fizi, ama lilitoka?"

"Lilitoka, binti yangu. Si la utoto? Lingine litaota."

"Ana miaka mingapi, babu?"

"Minane."

Akatikisa kichwa. "Ya utoto ya hapa mbele yalishatoka kitambo. Hili ni la kudumu, nyuma yake hakuna lingine. Liko wapi?"

Mama Wario, nimewahi kukutana na simba nikiwa na fimbo tu. Afadhali simba.

"Liko juu ya paa," nikasema.

Hakucheka. "Nenda haraka. Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi, usilisugue. Litie kwenye maziwa."

Nilipanda bodaboda, halafu nikapanda paa, na umri huu. Bati lilikuwa linachoma. Jino nililikuta limekauka kama punje ya mahindi. Nikalitia kwenye maziwa ya ngamia, nikarudi nimefunika kikombe kwa kiganja.

Mlangoni nesi akanizuia. Daktari alikuwa na Safia peke yake, anamwuliza nani alimpiga. Mzee, mtoto mgeni mjini, mdomo umepasuka: hata mimi ningeshuku. Nikasikia sauti ya Safia kupitia mlango.

"Ni pampu. Babu hata mbuzi hapigi. Anawatukana tu."

Nikaruhusiwa kuingia. Daktari akalirudisha jino, akalifunga kwa waya mwembamba kwenye majirani zake, Safia akachomwa sindano ya pepopunda. Nikauliza kama litashika.

"Babu, lilikaa kavu muda mrefu. Nimelirudisha ili mfupa usinywee na asikue na pengo. Lakini mwili unaweza kuula mzizi polepole. Tutapiga picha, tutangoja."

Kungoja ndiko kunakoniua. Kila asubuhi namwambia afungue mdomo, natafuta weusi, natafuta usaha. Yeye ananiuliza, "Babu, liko?" Najibu liko kabla sijaangalia. Wewe na pengo lako nimekutania tangu ujana, na ulikuwa mzuri nalo. Huyu sitaki hata nimzoee hivyo.

Msalimie Wario, mwanetu, akitoka malishoni. Msalimie dada yako anayesema nilikuoa kwa ujanja. Mwambie ni kweli. Na wazee wa msikitini, waniombee bila kuuliza kwa nini.

Sasa, ngamia wa mama yako alipofia kisimani, wewe ulijifanya mgonjwa, nikaenda mimi kumpa habari. Ulisema siku moja utanifanyia hivyo hivyo. Siku ni hii. Mwambie Rehema akiwa amemaliza kukamua, amekaa, na kibuyu kiko mbali na mkono wake. Ile ya paa iseme mwisho, na utaje jina langu kwa sauti ndogo.

Mumeo,
Guyo